Kwako ni Wapi, Mheshimiwa?

Bami, wafalme wa Burundi wa kale, walikuwa na makao kadhaa, wakihama hapa na pale. Ngoma za Gishora, karibu na Gitega, ni shahidi. Tangu 2019 Gitega ndiyo mji mkuu wa kisiasa, Bujumbura wa kiuchumi. Katikati pana takriban kilomita 100 za kona na milima. Mtasema msafiri hukaa penye uwanja wa ndege, nao uko Bujumbura. Sawa, lakini hiyo ni kambi. Kwako ni pale jirani anapojua umerudi bila kusikia king'ora. Mheshimiwa ambaye begi lake halifunguliwi Gitega hana makao huko. Ana anwani tu.