Umeme Upo, Mzee

Fundi umeme wa mtaani kwetu Unguja hahitaji cheti ukutani. Anayo testa, imechomoza kwenye mfuko wa shati. Ataichomeka kwenye soketi, ataweka kidole gumba kichwani mwake, kitaa chekundu kitawaka, na hukumu itatoka: "Umeme upo." Baada ya hapo hakuna rufaa.

Hukumu hiyo ndiyo iliyotuunguzia wali. Mjomba alinunua sufuria ya umeme, mtumba wa Japani, safi kabisa, ina kitufe kimoja tu. Chini yake kilikuwapo kibandiko: volti 100, wati 600. Plagi yake ya pini mbili bapa haikuingia ukutani, basi fundi akaikata na kufunga yetu ya pini tatu. Nikamwonyesha mjomba kibandiko, naye akamtazama fundi. Fundi akachomoa testa.

"Umeme upo, mzee."

"Umesikia?" mjomba akaniambia. "Umeme upo. Weka mchele."

Testa haikusema uongo. Kitaa kile huwaka kwa volti 100 na huwaka kwa 230, wala hakibagui. Sufuria ndiyo inayobagua. Kwao Japani ingevuta ampia 6. Kwetu volti ni 230, na kwa kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827, volti zikipanda mara 2.3, ampia nazo hupanda mara 2.3: zikafika 13.8. Nguvu ni volti mara ampia, kwa hiyo yenyewe ilipanda zaidi ya mara tano, wati 3,174 chini ya mchele wa watu wanne.

Mtu atauliza fyuzi ilikuwa wapi. Ilikuwapo, ya ampia 13, imetulia ndani ya plagi. Fyuzi ya namna hiyo haikatiki kwa kuzidiwa kidogo vile. Inangoja uharibifu wa maana.

Mkazamjomba hajamaliza kukuna nazi, kitufe kikaruka: ka! Juu mchele mbichi, chini makaa, na waya wa sufuria umelainika kama tambi. Fundi akarudi kupima soketi. Umeme bado ulikuwapo.

Mjomba akaona dawa ni kisasa, akanunua mita ya kidijitali yenye waya mwekundu na mweusi. Ikawadia zamu ya birika la umeme, ambalo lilikuwa likichemsha maji kwa mwendo wa mtu anayekwenda kulipa deni. Mjomba akalichomoa, akapima soketi: 230 kamili. "Birika bovu hili." Likanunuliwa jipya, nalo likawa vilevile.

Mita hunywa umeme kidogo mno. Soketi isipofanya kazi yoyote, volti hufika zote hata kama njiani pana kiungo kilichooza. Mzigo ukija ndipo siri inapotoka. Birika la wati 2,000 lina ukinzani wa omu 26 hivi. Kiungo kibovu kikiwa na omu 26 nacho, volti hugawanyika nusu kwa nusu: 115 kwa birika, 115 kwa kiungo. Birika hubaki na wati 500, robo ya nguvu yake, na wati 500 nyingine huishia kwenye kiungo, huko darini penye mbao kavu.

Aliyetuokoa ni mkazamjomba, aliyechoshwa na chai ya kuchelewa. "Mnalipima limepumzika," akasema. "Pimeni likichemsha." Tukaliwasha, tukapima soketi pacha iliyo ubavuni mwake. Mita ikashuka hadi 115 mbele ya macho ya fundi, aliyeanza kukagua kucha zake. Swichi kuu ikazimwa, tukapanda darini. Pale tukakuta waya mbili zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu. Tepu imekauka na kupasuka, na mbao ya juu yake ina doa jeusi. Kazi ya nani? Fundi akakumbuka ana mgonjwa nyumbani.

Sasa kwa mjomba pana sheria. Kabla ya chai kumiminwa, fundi yeyote hujibu maswali matatu: kifaa kinataka volti ngapi, soketi inatoa ngapi, na mzigo ukiwapo zinabaki ngapi? Yule wetu siku hizi anakunywa chai kwake.