Gari Linalopiga Magoti

Pikapu yangu ni Land Cruiser ya mwaka 2000, ile tunayoiita mkonga, na kwa miaka miwili ilikuwa na adabu kupita kiasi. Ukiiegesha tu, pua chini, mkia juu, kama kijana aliyekutana na mama mkwe sokoni. Kosa lilikuwa langu. Niliifunga ngao ya mabomba mazito ya kutishia ng'ombe na bodaboda, nikasahau kwamba springi zile zilikuwa zimeshachoshwa na injini ya dizeli ya lita 4.2. Usiku taa zilimulika kipande kidogo cha lami. Zaidi ya hapo niliendesha kwa imani.

Springi mpya zilikuwa bei ya ndama. Shemeji yangu anayeishi Muscat akaniambia kuna eabegi za kuingiza ndani ya springi: unazijaza upepo, gari linainuka. Alipokuja likizo alizileta, zikinukia udi.

Fundi wangu wa gereji bubu, pale Ipogolo, alizigeuzageuza kisha akanitazama kwa huruma. "Bosi, eabegi inakaa kwenye usukani. Hii ikifumukia huku chini itamwokoa nani, tairi?"

Nikaeleza. Akaelewa, au alichoka kunisikiliza. Gari likapandishwa jeki, springi zikaning'inia, kazi ikaanza. Mfuko wenyewe ni mgumu kama ndoo. Unaukamua upepo wote, unauziba, unaukunja, halafu unausokomeza katikati ya pete za springi kabla haujakumbuka umbo lake. Ulikumbuka mara saba. Mara ya nane fundi aliupaka sabuni ya kufulia, ukaingia, na kidole chake cha shahada nusura kibaki humo.

Kila mfuko ulikuja na mpira wake na valvu yake. Fundi akaona huo ni ubadhirifu. Akaiunganisha mifuko yote miwili kwenye valvu moja, nami, mjuzi wa mambo, nikamsifu. Karatasi ilisema usizidishe psi 35. Kijana wa pancha alibonyeza kama anajaza tairi la lori, na kabla sijafungua kinywa pua ilikuwa inatafuta mwezi. Tukapunguza, tukaongeza, tukapunguza, mpaka gari likakaa sawa. Nililizunguka mara tatu nikitabasamu.

Kona ya kwanza ilikuwa ya kushoto. Gari likalalia kulia, na upepo wa mfuko wa kulia, badala ya kukaza msuli, ukakimbilia kwa mwenzake wa kushoto ambako hakukuwa na kazi yoyote. Tukazidi kulala. Mke wangu, Mama Neema, akanimwagikia begani, jambo ambalo hajalifanya kwa hiari tangu 2011.

Kesho yake kila mfuko ulirudishiwa valvu yake, na kweli kona zikatulia. Ila valvu ya kushoto inavuja. Si sana, inasubiri tulale.

Asubuhi moja Mama Neema alitoka na kikombe cha chai, akasimama mlangoni akiliangalia gari lilivyoinamia upande mmoja. "Baba Neema, zamani lilikuwa linasalimia. Sasa limepiga goti moja. Linamchumbia nani?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya tairi na pampu ya baiskeli, nikihesabu.