Je, Kufuta Vioo Kunahesabiwa?

Waheshimiwa watoa leseni za mafundi wa ndege,

Nawaandikia kutoka Birmingham, saa kumi alfajiri, nimetoka kufyonza vumbi kwenye zulia la ndege ya wenyewe.

Kwanza hongereni. Kanuni zenu, Sehemu ya 66, ni kali, na ni haki ziwe kali: ndege haina pembeni pa kuegeshwa ikikorofisha. Mitihani ya leseni ya B1 nimeimaliza yote, hisabati, umeme, injini za jeti, sheria, kila mmoja kwa asilimia 75 au zaidi. Umebaki uzoefu. Aliyesoma chuo mlichokiidhinisha anadaiwa miaka 2. Mimi niliyejisomea kwenye basi nadaiwa 5, kazi ziandikwe daftarini na kushuhudiwa kwa saini. Vyema. Ila kila karakana niliyobisha hodi imeniambia haichukui mtu asiye na uzoefu. Daftari langu bado linanukia duka.

Somo nililolipenda ni la 9, la hulka za binadamu kazini, maana lina kisa cha hapa hapa kwetu. Juni 1990, zamu ya usiku, msimamizi wa mafundi alibadilisha kioo cha mbele cha ndege aina ya BAC One-Eleven. Alichukua boliti kuukuu, akaitafutia mwenzake kwa macho. Kati ya 90 alizofunga, 84 zilikuwa nyembamba kwa milimita 0.66. Ziweke mbili kiganjani, hutaona kitu. Hewa ya ndani iliona, ndege ilipofika futi 17,300 ikielekea Málaga. Kioo kikaruka, nahodha Tim Lancaster akanyonywa nje nusu mwili, wahudumu wakamng'ang'ania mpaka rubani msaidizi, Alastair Atchison, alipotua Southampton. Hakufa mtu.

Fundi yule hakuwa mgeni, waheshimiwa. Alikuwa mzoefu na mwenye sifa njema, na taratibu za wakati ule hazikudai mtu wa pili aikague kazi yake. Mimi ningefungua katalogi. Sina uzoefu wa kutosha kuiacha kabatini.

Sasa ombi. Tangu mwaka jana nafuta vioo vya ndege, kwa ndani, usiku kwa usiku, na msimamizi wangu wa usafi yuko tayari kutia saini. Naomba kujua niandike ukurasa gani.