Apewe Maua Yake Karani Aliyekosea Jina la Babu

Chanda chema huvikwa pete, lakini kipo kimoja kilichotumikia nchi nzima na hakijavikwa hata uzi: kidole cha karani aliyeandika jina la babu yako kama alivyolisikia yeye. Kila anayefuatilia ukoo wake humlaani. Anafungua kitabu cha ubatizo, cheti cha ndoa, stakabadhi ya kodi na hati ya shamba, anamkuta mtu mmoja ana majina manne, na papo hapo karani anaitwa mzembe, mlevi, adui wa kizazi. Mimi nasema apigiwe makofi.

Tazama ukarimu wake. Mzee wa pwani aliyepewa na wazazi jina moja tu anaweza kutoka maofisini akiwa tajiri: Athumani kwenye daftari la kodi, Othman mahakamani, Osman kwenye karatasi za bandari, Usmani kwenye cheti cha mwanawe. Hakulipa hata senti. Wajukuu nao hurithi utajiri huo. Mkubwa ni Saleh, wa pili Salehe, aliyezaliwa Mombasa ni Swaleh, na shangazi aliyeolewa Kongo anawaletea binamu aitwaye Ramazani, ambaye angezaliwa Tanga angekuwa Ramadhani na asingejua alichokosa.

Wanaomshutumu karani hudhani palikuwa na jina sahihi limekaa linasubiri, naye akalikosa. Lilikuwa limekaa wapi? Wazee wa pwani waliojua kuandika walitumia herufi za Kiarabu, ambamo p mara nyingi ilijificha ndani ya b, na o na u zikalala kitanda kimoja. Huko bara majina mengi yalikaa mdomoni tu. Kamati ya kusanifisha Kiswahili ilipoanza kazi mwaka 1930 ilikuwa na maneno ya kutosha ya kuhangaika nayo. Majina ya watu yakabaki mikononi mwa yeyote mwenye wino. Aliye wa kwanza kuandika hana wa kumnakili, na mtu asiye na wa kumnakili utamsahihisha kwa kipi?

Aliandika kwa sikio alilolelewa nalo, na hilo ndilo hasa namsifia. Wajerumani waliandika Bagamojo na Udjidji, maana j yao ni y yetu, na j yetu kwao haikutoka bila d ya kuisukuma. Ukikuta Mwanjika katika karatasi za ukoo ambao nyumbani unaitwa Mwanyika, shuku kwamba karatasi hiyo, au ile iliyonakiliwa, ilipita kwenye meza ya Mjerumani, hata kama pembe yenye tarehe imeliwa na mchwa. Kisha aje karani wa Mwingereza, aisome j ile kama anavyoisoma j yake, na nusu ya ukoo itabaki nayo hadi leo. Djuma akuelekeze Kongo au Burundi, kwa Wabelgiji waliotawala kwa Kifaransa. Kh ya Khalfani inanukia madrasa; Halfani aliandikwa na mtu ambaye hakuona sababu ya kukwaruza koo. Na pacha Kulwa akigeuka Kurwa, hebu peleka macho upande wa Mara. Jina lililoandikwa vilevile kila mahali halikwambii lolote kati ya haya. Limechana nywele, limenyamaza.

Hata wakubwa hawakuepuka. Mtwa Mkwavinyika wa Wahehe, tunayemwita Mkwawa, Wajerumani walimwandika Quawa, kwa q ambayo hakuna mtu Iringa aliyewahi kuiomba. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, ukaidai Ujerumani fuvu la Sultani Mkwawa. Herufi zikawa zimerudi nyumbani kabla ya mwenyewe. Fuvu lilifika Kalenga mwaka 1954, baada ya Gavana Twining wa Tanganyika kulichagua katika jumba la makumbusho la Bremen kwa vipimo vya mfupa. Kenya nako, serikali ya mkoloni ilipomvisha mtu kipande shingoni ndani ya kijaluba cha bati, ilidai jina, na juu ya jina ikadai alama za vidole. Ilimjua karani wake vizuri.

Wamarekani walijaribu kumshinda kwa hesabu. Robert Russell alipata hataza mwaka 1918 ya mfumo uitwao Soundex: herufi ya kwanza inabaki, irabu zinatupwa, konsonanti zinageuzwa tarakimu. Smith na Smyth wote ni S530, na hata Mohamed, Muhammad na Muhamadi wanakutana kwa amani kwenye M530. Sasa mpeleke kwenye mfumo huo yule mzee wetu wa pwani. Athumani anatoka A355, Othman O355, Osman O255, Usmani U255. Watu wanne kamili, kwa uthibitisho wa hesabu! L ni 4 na r ni 6, kwa hiyo Kulwa na Kurwa, ambao ni mtu yule yule, hawajuani.

Linalobaki ni mdomo. Litamke jina kwa sauti, kisha liandike kama angeliandika padri Mfaransa wa Bagamoyo, kadhi wa Unguja, mnyapara wa shamba la mkonge. Badilisha dh kwa z, th kwa s. Ing'oe i ya mwisho, irudishe. Usimtafute babu peke yake: mtafute pamoja na mkewe, mashahidi wa ndoa, msimamizi wa ubatizo na kijiji, kwa sababu karani, hata awe hodari kiasi gani, ni vigumu awapoteze wote katika ukurasa mmoja.

Sijataja wangapi wanakula kwa jasho lake. Wakili anayeandaa kiapo kwamba Masawe wa s moja ndiye Massawe wa s mbili, mwenye mhuri, mwenye mashine ya fotokopi nje ya mahakama, shahidi anayenunuliwa chai. Kesi ya mirathi isiyo na herufi ya kugombania huisha haraka mno, ndugu wakatawanyika kabla hawajasalimiana vizuri.

Ninayemwogopa mimi ni yule mjukuu msafi wa mikono, anayechora mti wa ukoo kwenye kompyuta na kuwasawazishia marehemu wote tahajia moja, ile iliyo kwenye kitambulisho chake. Mti unapendeza, unachapishwa, unagawiwa kwenye kikao cha ukoo. Binamu mmoja anaupeleka parokiani kumtafuta bibi, na katibu wa parokia, kwa upole kabisa, anamwambia mtu wa jina hilo hakuwahi kubatizwa pale.