Rangi ya Bure: Mwongozo kwa Mwenye Nyumba wa Tunduma

Kazi ya kumtoza mpangaji anayehama huanza siku anapoingia. Siku hiyo usitie mguu ndani ya nyumba. Mwachie dalali funguo, wewe pokea kodi ya miezi sita na dipoziti, kisha msaini ule mkataba wa ukurasa mmoja wa steshenari wenye sentensi tamu kuliko zote: "Nyumba imekabidhiwa ikiwa katika hali nzuri." Mpangaji akiuliza kuhusu koki inayovuja, au silingi bodi yenye madoa ya mvua za mwaka juzi, mwambie, "Tutaangalia." Usiandike kitu. Ukiandika leo, utaonyeshwa siku ya kuhama.

Siku hiyo ikifika, subiri vitu vyote viwe juu ya kirikuu na dereva ameanza kulalamika. Hapo ndipo uingie, na tochi mchana kweupe, ukiongozana na fundi wako. Si lazima fundi ajue kupaka rangi. Ajue tu kutikisa kichwa na kuguna.

Anzeni na kuta. Malori ya Zambia na Kongo hayalali Tunduma, na vumbi lake halipigi hodi. Mtu aliyekaa miaka minne Sogea au Mpemba lazima akuachie kuta zilizofifia. Usilitaje lori hata moja. Uliza kwa huzuni, "Hivi mama, nyumba yangu mliifanya nini?" Ukiona tundu la msumari wa kalenda, mshukuru Mungu. Tundu moja linadai ukuta mzima, ukuta mmoja ukipakwa mingine mitatu itaonekana michafu, na sebule haiwezi kung'aa huku vyumba vimenuna. Kufikia saa sita tundu limeshakula ndoo za rangi na dipoziti yote.

Sheria itaje wewe kwanza, ila isome nusu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji arudishe jengo katika hali aliyolikuta. Ishia hapo. Ukiendelea utakuta kwamba hawajibiki kwa uchakavu wa kawaida, wala kwa moto au mafuriko yasiyotokana na uzembe wake, wala kwa radi, dhoruba na tetemeko la ardhi. Kitasa alichokivunja, sinki aliyoipasua, mlango aliouunguza kwa jiko la mkaa, hivyo ni haki yako kabisa kumdai. Lakini bei ya kitasa haipaki nyumba, ndiyo maana hatuvizungumzii sana.

Jihadhari na mpangaji anayetunza meseji za LUKU. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU, na mwaka 2023 ikapanda hadi shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Kila mwaka amekulipia shilingi 18,000 kimyakimya, na siku ya kugombana kimya huisha.

Akisema, "Twende kwa mwenyekiti wa mtaa," kumbuka ghafla kwamba una msiba Vwawa. Mwenyekiti atauliza nyumba ilikuwaje siku ya kukabidhiana, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya litauliza hilohilo. Mpangaji akitoa simu yenye picha za siku aliyoingia, kila chumba na tarehe yake, mwongozo huu haukusaidii tena: mrudishie dipoziti yake, rangi ukanunue mwenyewe.