Mwongozo wa Mratibu Mpya wa Caritas Aliyechaguliwa Hayupo

Hongera. Mwenyekiti amepatikana kwa kura, katibu kwa mwandiko mzuri, mhazini kwa kuwa ana duka, na wewe, mratibu wa Caritas, yaani huduma ya jumuiya kwa wahitaji, umepatikana kwa sababu siku ya uchaguzi ulikuwa msibani Singida. Wenzako wamekubaliana kwa kauli moja kwamba una moyo. Usikatae. Katika uongozi wote wa jumuiya hakuna nafasi inayogusa chungu cha mtu moja kwa moja kama hii, na mwongozo huu umeandikwa ili uanze Jumamosi ijayo bila kusubiri semina ya dekania.

Anza kwa kujua kwamba kazi yako ilizaliwa na malalamiko. Matendo ya Mitume, sura ya 6, inaeleza wajane waliosema Kigiriki wakirukwa katika mgao wa kila siku pale Yerusalemu, huku wajane wa Kiebrania wakihudumiwa. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba, Stefano akiwa wa kwanza kutajwa. Majina yote saba ni ya Kigiriki, kwa hiyo inaelekea upande uliorukwa ndio uliokabidhiwa mgao. Fanya vivyo hivyo. Yule mama anayelalamika kila mara kwamba jumuiya inasaidia watu wale wale, mtafute leo, mwombe awe msaidizi wako. Anajua nyumba ambazo wewe huzijui.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana mwaka 1973 na tena 1976 waliamua kwamba Kanisa la ukanda huu lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Paroko mwenye maelfu ya waamini na vigango vya mbali hawezi kujua kwamba kwa Mzee wa nyumba ya bati jekundu hakujapikwa tangu juzi. Wewe unaweza, maana moshi wa jiko lake unauona ukiwa uani kwako. Ukaribu huo ndio mtaji wa jumuiya, na ndio hatari yake, kwa sababu anayejua nyumba isiyo na unga ana uwezo pia wa kuitangaza mtaa mzima. Kila utakalofanya, lipime hapo.

Sasa orodha. Usisimame baada ya kutafakari Injili ukauliza, "Mwenye shida anyooshe mkono." Watanyoosha wenye ujasiri, na mwenye shida hasa atakuwa anahesabu nyuzi za mkeka. Mtu hutambulika kwa aliyoacha kufanya. Nani alikuwa anapokea jumuiya nyumbani kwake kila zamu yake ilipofika, na sasa kila mwezi nyumba inapakwa rangi? Mtoto gani ameacha mafundisho ya Komunyo ya Kwanza mara tu iliposemwa habari ya nguo nyeupe? Nani huondoka na kikohozi cha ghafla kikapu cha mchango kinapokaribia? Mfuate nyumbani, peke yako au na mwenzako mmoja, wakati majirani hawako barazani, na uende na maongezi ya kawaida kabla ya kuuliza lolote. Bibi wa miaka themanini hawezi kukuambia njaa yake kabla hujaketi, hujaamkia na hujaulizia wajukuu. Muda huo si wa kupoteza. Ndio nusu ya msaada wenyewe.

Orodha ikisomwa kwa viongozi, mmoja atasema, "Huyu haonekani jumuiya, na kadi yake ya zaka ni tupu." Jiandae kwa sentensi hiyo, utaisikia hadi mwisho wa kipindi chako. Mjibu kwa upole lakini usirudi nyuma. Zaka na mahudhurio ni wajibu wa mwamini, na pana mahali pa kumkumbusha. Sahani ya chakula si mahali hapo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 848, inamtaka mhudumu wa sakramenti aangalie wahitaji wasikose sakramenti kwa ajili ya umaskini wao. Ikiwa umaskini haumzuii mtu Ubatizo, utamzuiaje kilo tano za unga? Ukiulizwa kuhusu jirani Mwislamu au Mlutheri, jibu ni fupi zaidi: mwandike. Msamaria yule katika Injili hakuuliza majeruhi anasali wapi.

Tukija kwenye kutembelea wagonjwa, naomba utulie, maana hapa ndipo watu wema wanapoumiza wengine.

Nendeni wawili au watatu. Jumuiya nzima ikisimama kuzunguka kitanda, mgonjwa anaanza kuhesabu siku zake. Msiketi kitandani. Asiwepo wa kumuuliza mgonjwa, "Unanikumbuka mimi nani?" kwa sauti ya mtahini. Asiwepo wa kusimulia marehemu shemeji yake aliyeanza hivyo hivyo, kwanza mguu, halafu kifua. Picha ya eksirei iliyoegemezwa dirishani si yenu, iacheni. Sala iwe fupi, wimbo uwe wa sauti ya chini, na kabla ya wimbo ombeni ruhusa kwa muuguzi na kwa walio vitanda vya jirani, kwa sababu wodi ni chumba cha kulala cha watu wengi. Kisha muulizeni mgonjwa anataka nini, mnyamaze mpaka ajibu. Huenda akataka maji ya moto tu, au mtu wa kumkata kucha.

Halafu mtazameni muuguzaji, yule binti au mama mkwe anayelala kwenye veranda ya hospitali. Matunda yote huwekwa kwenye kabati la mgonjwa ambaye hawezi kula, na anayemuuguza hana nauli ya kwenda nyumbani kuoga. Mpeni yeye bahasha ndogo. Mmoja wenu akae zamu usiku mmoja ili alale. Sijaona msaada unaoshinda huo kwa gharama ndogo namna hiyo.

Bili ya hospitali ikiizidi familia, usikimbilie harambee kwanza. Hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii, na afisa wa pale ndiye anayepima nani anastahili msamaha wa gharama. Familia nyingi hazijui, au zinaogopa mlango ulioandikwa kwa herufi kubwa. Kazi yako ni kumsindikiza ndugu wa mgonjwa apate barua ya serikali ya mtaa, kisha uketi naye kwenye benchi mpaka aitwe. Hutatoa shilingi, na utakuwa umefanya Caritas kamili.

Mjulishe kapelani mapema. Kanisa linampa kapelani wa hospitali na wa gereza uwezo wa pekee katika maungamo, hasa kwa kuwa watu wa huko wamefungiwa mbali na paroko wao. Tatizo ni kwamba padre akionekana na mafuta matakatifu, shangazi huanza kulia na mjomba huanza kupiga simu za kijijini. Eleza familia, na ueleze tena: tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano mafundisho ni wazi kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa walio katika saa ya mwisho tu. Ni wa anayeanza kuwa katika hatari kwa ugonjwa au uzee, na mtu anaweza kupakwa, akapona, akarudi kuimba besi kwaya ya pili. Mgonjwa anayeupokea akiwa na akili timamu, akiitikia mwenyewe, hupata faraja ambayo familia haikumpa kwa kusubiri apoteze fahamu.

Magereza nayataja kwa ufupi: usiende na mzigo bila kumuuliza kapelani kinachoruhusiwa, na usimuulize mahabusu amefanya nini. Peleka salamu za mama yake.

Mitumba pia kwa ufupi. Kiatu kisicho na mwenzake kina mahali pake, na mahali hapo ni jalalani.

Fedha. Daftari lishikwe na mhazini, fedha itolewe kwa saini ya wawili, na laini ya simu inayopokea michango isiwe ile anayotumia mtu kununulia vocha za familia. Kila mwezi soma mapato, matumizi na baki, ukitaja "familia tatu zimesaidiwa" bila majina. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa, na mama aliyetoa mia tano ya vitumbua vyake anastahili hesabu sawa na mwenye gari. Kisha itakuja siku ambayo kamati ya ujenzi, ikibakiza bati chache tu, itaomba ikope kapu la maskini kwa wiki mbili. Hapo shika kanuni ya 1267: sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Napenda kanisa lenye paa zuri. Lakini wiki mbili za kamati huweza kuvuka Kwaresima na kufika Majilio, na katikati hapo kuna mtu anayesubiri dawa za presha.

Picha nazo zina msimu. Papa Fransisko alianzisha Siku ya Maskini Duniani mwaka 2016, ikaadhimishwa mara ya kwanza Novemba 2017. Siku hiyo kilo mbili za sukari huweza kukabidhiwa na watu saba walioishika kwa pamoja, bango nyuma, na mjane katikati akiambiwa atabasamu. Kataa. Picha hiyo itazunguka kwenye makundi ya simu mpaka imfikie mwanawe anayefanya kazi ya ulinzi mjini, na hicho mjane alichokuwa akikificha kitakuwa kimefichuliwa na jumuiya yake mwenyewe. Parokia ikihitaji taarifa, piga picha ya magunia. Na siku yenyewe itumieni kula pamoja na maskini, sahani zile zile, benchi lile lile, walei na mapadre wakichanganyika.

Kipindi chako kitakapokwisha, usimkabidhi mrithi wako orodha mbele ya mkutano. Mpeleke nyumba kwa nyumba, umtambulishe kwa kila Bibi na kila Mzee kwa jina lake, umwonyeshe nani hasikii vizuri sikio la kushoto na nani hapendi kutembelewa asubuhi. Daftari na laini ya simu vikabidhiwe mhazini akiwepo. Naye akiwa safarini siku hiyo, msubirini arudi.