Tajiri na Tundu Moja

Tajiri wetu wa unga ni mtu wa hesabu. Chekeche la mashine lilipotoboka, fundi aliomba wavu mpya wa chuma kisichoshika kutu, matundu 30 kwa inchi, uwambwe hadi ukaze kama ngozi ya ngoma. Tajiri akacheka: "Tundu moja tu hilo!" Akaleta sindano na waya, kikashonwa kiraka. Wavu ukalegea, unga ukaziba matundu, kijana akaambiwa aupige nyundo. Sasa lile tundu moja limekuwa matatu, na pumba zinapita bila hodi. Hongera, tajiri, umeokoa bei ya wavu! Nasi walaji tunamalizia kuchekecha kwa meno, ambayo vipuri vyake ni ghali kuliko vyako.